Wa Nyumbani Haalikwi

…na si kweli kwamba sikukusikia. Nilikusikia vizuri sana, Tekla. Ulikuwa umeinama juu ya begi, unakunja ile sketi ya bluu, ukasema bila kuniangalia, "Mama, nikitoka kesho sirudi. Hii sasa ni nyumba yenu wawili." Mimi nikajibu kwamba mboga inaungua, nikaondoka. Mboga haikuwa inaungua. Hata moto ulikuwa haujakolea. Nilikwenda kusimama nyuma ya tangi la maji, nikauegemeza uso wangu kwenye ukuta wake wa saruji mpaka ubaridi ukanituliza.

Sasa umekwenda kwa jirani yetu Mama Zuhura kuaga. Fundi, mume wangu, ameshuka Newala mjini kukuwekea nafasi kwenye basi la Masasi, usije ukasimama njia nzima. Mvua inapiga bati tangu saa saba na ukungu umefunika mikorosho yote, siioni hata ile ya karibu na choo. Nimekaa juu ya kitanda chako. Karatasi hizi nimezichana kwenye daftari lako la Jiografia, kurasa za nyuma ambazo hukuziandika. Nitaandika hadi mwanga utakaponiishia, kisha nitaitia barua ndani ya sketi ya bluu. Utaikuta Lukuledi ukifungua begi chuoni kwa masista, wakati mimi siwezi tena kukimbilia mboga.

Sitakuambia habari ya chandarua, wala ya kuchemsha maji, wala ya vijana wa stendi. Hayo nimeyasema tangu unanyonya, na mengine unayajua kuliko mimi. Nataka kukuambia nilikokosea.

Lakini kwanza niruhusu niseme jambo litakalokuudhi. Nina furaha. Nina miaka thelathini na minane, nina mume, na nikiandika neno hilo mkono wangu unakuwa kama wa msichana wa kidato cha pili anayeandika barua yake ya kwanza halafu anainusa karatasi. Asubuhi ananipashia maji ya kuoga kabla sijaamka, anatumbukiza jani la mchaichai, ananigongea dirisha kwa nje: "Bibi Harusi, maji yanakungoja." Miezi miwili sasa, bado ananiita Bibi Harusi, mbele ya watu, na mimi najifanya sipendi. Akichelewa kurudi kutoka kazini nasikia kila baiskeli inayopita. Najua unayasikia haya yote kupitia ukuta na unajifunika khanga kichwani. Siwezi kukuomba radhi kwa ajili ya furaha hii, maana Mungu ataniona mwongo. Ninachokuomba radhi ni kwamba niliifurahia bila wewe.

Turudi nyuma kidogo.

Unalikumbuka benchi letu kanisani, la mwisho, upande wa mlango, lile lililotiwa kipande cha tofali chini ya mguu. Nilianza kulikalia nikiwa na miaka kumi na tisa. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa nimekubeba tumboni, nimejifunga khanga ndani ya sketi ya shule. Baba yako alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kabla hujazaliwa, na habari zake ziliishia kwenye maji ya mto. Wazee wa kanisa wakaniita wakaniambia nimetengwa na Meza ya Bwana mpaka nitakapotubu. Nikaenda kukaa nyuma. Nikasema moyoni, kama hawanitaki, nami siwataki. Nitasali, nitaimba, lakini mbele hawataniona.

Mwaka uliofuata akaja padri mwingine, mtu mzima, mwenye kikohozi. Akanitumia mtu: mwambieni yule binti aje tumalize, tunamngoja. Sikwenda. Akaja mwenyewe. Alinikuta uani nabangua korosho, mikono nimeipaka jivu, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Wewe ulikuwa umelala kwenye mkeka pembeni.

"Hodi hapa."

"Karibu Padri. Shikamoo."

"Marahaba. Sikai. Nimekuja kukualika."

Nikamwinulia viganja. "Padri, na mikono hii? Haitakati hata nikiisugua kwa mchanga."

Akaitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Ungejua yangu ilivyo ndani! Binti, sikuja kwa ajili ya mikono. Wewe njoo."

Nikamwambia Jumapili. Jumapili nikakaa palepale nyuma. Akaja tena mwezi uliofuata, na tena kabla ya Pasaka. Kila mara alisimama, hakukaa, kama walivyo watu waliokuja na neno moja tu. Halafu wakamhamisha, na sikumwona tena.

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba ilikuwa aibu. Haikuwa aibu, mwanangu. Aibu ilikwisha mapema. Nilipenda kuwa mtu aliyeonewa. Kile ni kiti chenye joto. Ukishakikalia mwaka mmoja kinashika umbo lako, na kila anayekuja kukuinua unamwona kama mwizi. Nilijua naalikwa. Nilimsikia Mungu akiniita kwa sauti ya mzee mwenye kikohozi, mara tatu, nami nikaendelea kubangua korosho.

Wewe ulikuwa na miaka mitano au sita. Watu walikuwa wanainuka kwenda mbele, mstari kwa mstari, sisi tumebaki. Ukanivuta khanga.

"Mama, sisi hatujaalikwa?"

Nikakujibu upesi, ili uache kuuliza kwa sauti: "Sisi ni wa nyumbani. Wa nyumbani haalikwi."

Ukatosheka kabisa. Ukakaa wima, ukawatazama waliokuwa wakirudi mabenchini kama mwenye nyumba anavyowatazama wageni wake wakishiba. Nami kwa ndani nilikufa kidogo, lakini nikaipenda ile sentensi, kwa sababu ilifanya kazi.

Sijui ni siku gani ulijua kwamba nilikudanganya. Nadhani ni ulipoingia darasa la kipaimara. Ulirudi siku moja, ukaniangalia muda mrefu nikichambua mchele. Askofu alipokuja ukawekewa mikono pamoja na wenzako, umevaa nyeupe, mwembamba kama muhogo wa mwaka wa njaa. Wenzako wakaenda mezani. Wewe ukarudi nyuma, ukakaa kando yangu.

Nikakunong'oneza, "Nenda, mjinga wewe!"

Ukasema, "Nitakungoja. Siku utakayokwenda, tutakwenda wote."

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulingoja miaka sita.

Sasa habari ya Fundi. Nataka uikumbuke kama ilivyokuwa, si kama ilivyogeuka baadaye. Mwaka juzi tangi letu lilipasuka, tukakaa msimu mzima tunanunua maji ya ndoo kwa wenye matangi mazima. Watu wakatuambia yuko fundi mjane kutoka Lupaso anayeziba nyufa. Akaja na baiskeli yake na mwiko wake, akashuka kwa ngazi hadi sehemu ya tangi iliyo chini ya ardhi, na mimi nilipotoka shambani sikumwona mtu. Nilisikia tu ardhi ikiimba. Sauti nzito, imepotea njia kabisa katika wimbo wa tenzi za kanisani, lakini imejaa raha! Tekla, mimi niliipenda sauti ile kabla sijauona uso. Wewe ulikuwa juu, unamteremshia ndoo ya zege kwa kamba, unacheka hadi unashika mbavu.

"Fundi," ulimwambia, "ukiimba hivyo tangi litapasuka tena."

"Basi utaniita tena," akajibu toka chini. "Kwangu ni kazi."

Saa nane ulichungulia shimoni ukasema, "Fundi, panda ule. Leo kuna kisamvu cha karanga, mama yangu anapika vizuri kuliko unavyoimba." Akapanda. Akala. Hayo mengine yote yalianzia hapo. Nami sikuwahi kufikiri, hadi juzi, kwamba mtu wa kwanza kumwalika mume wangu katika nyumba hii alikuwa wewe.

Aliponiposa nikaenda kanisani kutengeneza mambo yangu. Kumbe ile toba niliyoikimbia miaka kumi na tisa ilichukua muda wa kuchemsha chai. Ilikuwa Alhamisi, watu watatu tu, hakuna aliyenitazama vibaya. Nilitoka nje nikacheka peke yangu kama mwehu. Nilikimbilia kumwambia Fundi. Sikukimbilia kukuambia wewe. Ulisikia jioni, tunakula, mimi na yeye tunazungumza juu yako kama vile unaijua habari yote. Ulisema tu, "Kwa hiyo sasa unaweza kwenda mezani." Nikasema ndiyo, siku ya ndoa. Ukainama kwenye sahani. Nilidhani unakula.

Halafu ikaja kazi ya kualika. Unajua kwetu mtu mwenye heshima haaliki kwa simu. Siku tatu mimi na Mama Zuhura tulizunguka Chilangala yote, nyumba kwa nyumba, yeye mbele na khanga kiunoni, utafikiri anayeolewa ni yeye. Kila mlango tulisimama, hatukukaa hata tulipowekewa kiti, maana bibi yako alinifundisha kwamba anayealika hakai mpaka aseme alilolijia. Yule mzee jirani wa kisima kikavu akatutania:

"Mama Tekla, umekawia wee! Nilidhani unamngoja Tekla muolewe siku moja, tule pilau mara moja."

"Mzee, wewe njoo na meno yako tu," akajibu Mama Zuhura. "Maneno yaache nyumbani."

Tukacheka njia nzima. Jioni ya siku ya tatu, tulipofika kwenye uzio wetu, Mama Zuhura akasimama ghafla.

"Na Tekla umemwambia?"

"Nimwambie nini? Si anaishi humuhumu? Wa nyumbani haalikwi."

"Mh," akasema. "Mimi najua wa nyumbani ndiye wa kwanza kualikwa, kwa sababu ndiye wa kwanza kununa."

Nilicheka. Nilikuwa na furaha nyingi mno, nilicheka kila kitu mwezi ule.

Siku yenyewe uliamka kabla ya jogoo ukawasha moto wa sufuria kubwa. Kitenge cha sare nilikikata vipande mimi mwenyewe, nikaandika jina la kila ndugu kwenye karatasi, nikabandika kwa pini. Lako sikuliandika. Mtoto wa nyumba ana haja gani ya karatasi? Atachukua. Lakini ndugu walikuja wengi kuliko majina, kila mmoja akavuta kipande, na ulipotoka jikoni na masizi mikononi kulikuwa kumebaki pini. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa nimeketi kwenye gari, nimeshika maua, ninajitazama kwenye kioo cha dereva.

Kanisani nilikwenda mbele. Nilipiga magoti kando ya mume wangu, nikafungua viganja vyangu vyeusi, nikapokea. Nilidhani nitasikia radi. Nilisikia utulivu tu, kama maji yanapoanza kuingia kwenye tangi kavu. Nilipoinuka nikatazama nyuma. Benchi la mwisho lilikuwa tupu.

Nikasema moyoni, atakuwa njiani.

Hukuwa njiani. Ulikuwa unakoroga pilau pamoja na Mama Zuhura. Na tulipokaa meza kuu, ni wewe uliyeniletea sahani, umevaa khanga ya jikoni. Mgeni wa upande wa Lupaso akaniinamia akauliza, "Huyu binti ni nani? Mbona hajakaa?" Nami, Mungu anisamehe, nikasema kwa sauti ya kicheko, ili meza yote isikie, "Huyo wa nyumbani, haalikwi!"

Meza ikacheka. Wewe uliiweka sahani chini polepole sana. Nilikuona ukinitazama, na nilijua, Tekla, nilijua palepale kwamba umeikumbuka. Ndiyo sentensi niliyokunyamazishia ulipokuwa mtoto, siku zile tulipokuwa wote nje. Safari hii nilikuwa ndani, na wewe nje peke yako.

Ukatoka kwa mlango wa jikoni. Fundi akaniambia sikioni, "Nenda kamwite."

Nikasema, "Atakuja mwenyewe."

"Bibi Harusi, nenda kamwite."

"Muziki ndio umeanza, mume wangu. Atakuja."

Tukacheza. Nilicheza sana. Watu bado wanalisifu lile dansi.

Hukunigombeza hata mara moja. Ulirudi, ukaosha masufuria, ukatuamkia shikamoo asubuhi, na toka siku ile hujakanyaga kanisani. Mama Zuhura alipomwita Fundi "Baba Tekla" kwa mara ya kwanza, uso wa mume wangu uling'aa kama wa aliyepewa mtoto hospitalini, nawe ukasema ukipita na ndoo, "Mimi sina jina la kuazimisha." Hakukasirika. Jioni alikwenda kwa majirani, mmoja mmoja, akawaomba waendelee kumwita Fundi. Aliniambia, "Jina la mtoto hulichukui. Unapewa." Nililia usiku kucha kwa kumpenda zaidi, na kwa kukuogopa.

Jumapili ya kwanza ya mwaka huu alikuwa ananisomea Maandiko tukinywa uji, kama anavyofanya siku zote, anafuata mistari kwa kidole chenye saruji kwenye kucha. Ikafika ile habari ya baba mwenye wana wawili. Niliisikiliza kama mtu anayesikia jina lake, maana siku zote nilijua ni habari yangu: mtoto aliyepotea, akarudi, akavishwa, akachinjiwa. Nikawa naitikia kwa kichwa. Halafu akasoma habari ya yule mkubwa. Anatoka shambani. Anakaribia nyumba, anasikia ngoma. Anamwita mtumishi kumwuliza kuna nini.

Nikasema, "Soma tena."

"Wapi?"

"Hapo anapomwuliza mtumishi."

Akasoma tena. Tekla, mtoto wa nyumba, nyumbani kwao, anauliza watumishi kuna sherehe gani! Hakuna aliyekwenda shambani kumwambia. Sithubutu kumsahihisha Bwana, lakini nilikaa na kijiko hewani nikifikiri: labda yule mzee alisema kama mimi. Labda naye furaha ilimjaa hadi akasahau kwamba wa nyumbani ana moyo wa kualikwa kama mgeni.

"Halafu?" nikauliza, ingawa najua halafu.

"Halafu baba akatoka nje, akambembeleza."

"Akawaacha wageni?"

"Akawaacha."

"Na ndama yuko motoni?"

Fundi akafunga kitabu. "Yule mzee alitoka mara mbili siku ile," akasema. "Mara ya kwanza alimkimbilia mmoja aliyekuwa anakuja. Mara ya pili akamfuata mwingine aliyekuwa anakataa. Mara ya kwanza ni rahisi, hata mimi ningekimbia."

Uji wangu ukapoa.

Nimekuwa nikifikiri tangu siku ile juu ya upendo huo, nami si mwalimu wa dini, wala sijui kuyapanga maneno. Zamani niliuona kama meza iliyowekwa mbele kabisa ya kanisa, na kazi yangu ilikuwa kujikokota kuifikia. Sasa naona mwenye meza hakai mezani. Ninapoyasoma Maandiko kila mahali namkuta nje. Yuko njiani anawatafuta wasio na pa kula, yuko uani anambembeleza mtoto aliyenuna, yuko mlangoni amesimama anabisha. Mama Zuhura ananiambia kwao Waislamu hodi ni tatu. Ukikosa jibu unarudi zako, wala humwekei mtu kinyongo. Nikamwambia ni adabu nzuri, na kweli mlango wa mtu hausukumwi. Ila huyu wetu, nadhani, akirudi zake anarudi tena kesho.

Upo mfano mmoja unaoniogopesha. Ule wa mtu aliyekutwa harusini bila vazi, akatolewa nje. Sijawahi kuuelewa, na sasa siwezi kuusikia bila kuona pini tupu juu ya meza yangu. Nauliza tu: nani alikuwa na kazi ya kumpa vazi?

Usifikiri nakula kwa amani. Jumapili zilizofuata niliendelea kwenda mezani, na mkate ule ule ulioniingia kama maji siku ya ndoa umekuwa mkavu kooni. Jumapili iliyopita sikuinuka. Nilikwenda kukaa benchi la mwisho, mahali pako. Nilijiambia ni haki: uliningoja miaka sita, na mimi nikungoje. Baadaye Fundi alikuja akakaa kando yangu, akaninong'oneza, "Ukikaa hapa humleti ndani. Unaongeza tu mtu wa pili wa nje." Sijui bado kama alisema kweli. Najua tu kwamba nilipoweka mkono kwenye ubao wa lile benchi nilihisi umbo langu la zamani linanikaribisha, na nikaogopa. Nikaogopa kwa ajili yako, maana sasa ni wewe unayelikalia, hata kama hukanyagi kanisani. Wewe umeonewa kweli, mwanangu, si kama mimi. Kwa hiyo joto la kiti kile kwako litakuwa kubwa zaidi. Mimi nilipoteza miaka kumi na tisa pale, na wewe uliipoteza pamoja nami bila kosa lolote. Sitakuambia uinuke. Aliyekukalisha hana mdomo wa kukuinua. Nakuambia tu jinsi kilivyo kiti hicho, kwa kuwa nakijua kuliko mtu yeyote Chilangala.

Wala sikuombi urudi ili mimi nipate kulala. Ukisema nyumba hii si yako, nitaumia, lakini nitaelewa. Chumba chako hakitahamiwa na mtu. Mwiko wa Fundi, mifuko yake ya saruji, vyote vinakaa barazani, amesema mwenyewe. Asubuhi moja nilimkuta anaziba ufa wa ukuta wako kwa kidole, taratibu, usije ukaamka. Hakujua kwamba namwona.

Mvua imepungua. Nasikia tangi linapokea maji ya mwisho kutoka kwenye bati, tone, tone. Limejaa mwaka huu, halivuji hata kidogo, na kila nikichota nakumbuka ni wewe uliyeshika kamba.

Nasikia pia sauti yako kwenye uzio, unamwambia Mama Zuhura asikusindikize zaidi. Naye anakwambia, "Nenda mwanangu, ila mama yako ni mjinga tu, si mbaya." Amesema kwa sauti kubwa ili nisikie. Nimesikia.

Kesho alfajiri tutaagana kama watu wanaoagana. Utasema shikamoo, nitasema marahaba, Fundi atafunga begi juu ya baiskeli alipeleke hadi kituoni, na hatutasema lolote kati ya haya, kwa sababu sisi wawili tuko hivyo. Kwa hiyo nalisema hapa lile ambalo nilipaswa kulisema mwezi wa kumi na moja, kabla ya nyumba nyingine yoyote. Nimechelewa kutoka nje, lakini natoka.

Sahani moja ya pilau haijaliwa. Mama Zuhura ameshakubali kuipika upya. Wageni hawatakuwepo wala muziki, meza itakuwa ya watu wanne, na mmoja wao lazima uwe wewe. Na benchi la mwisho, siku utakayotaka, tutaliacha wote wawili pamoja kama ulivyosema. Hata ikiwa miaka sita. Mimi nami najua kungoja, nilifundishwa na mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Lakini mwaliko hautumwi kwa karatasi, kwa hiyo barua hii usiihesabu. Ihesabu kama kikohozi cha mtu anayekaribia mlango. Kabla mwezi huu haujaisha nitapanda basi kuja Lukuledi, mimi mwenyewe, na kipande cha kitenge cha sare nilichokifumua kwenye gauni langu, ukikate unavyotaka. Nitasimama nje ya mlango wa masista. Nitabisha hodi. Wakinipa kiti, sitakaa, mpaka utoke na nikuambie nililolijia.